Hotuba Iliyochimba Vyoo

Jumatatu, tarehe 4

Nimefika kijijini. Historia imekuja na begi moja la mgongoni na katoni ya sabuni.

Hali ni mbaya kuliko tulivyoelezwa chuoni. Nusu ya nyumba hazina choo. Watu wanakwenda vichakani, mvua inanyesha, uchafu unateremka kisimani, na watoto wanabebwa kwa baiskeli kwenda zahanati wakiwa wamelegea kama nguo mbichi. Mvua nyingine haiko mbali. Nimekasirika. Nimeandika hotuba.

Mwenyekiti wa kijiji ametugawia kazi. Barabara ndiyo mpaka: upande wa chini ni wa Sululu, upande wa juu ni wangu. Sululu ni binti, mwanafunzi mwenzangu wa kujitolea. Jina hilo amelipata kwa kutoachana na chombo chenyewe. Jumamosi ya wiki ijayo Bwana Afya anakuja kukagua. Ikikutwa hata kaya moja isiyo na choo, kijiji kimeanguka.

Mwenyekiti alinivuta kando. Nikimaliza upande wangu, atanipa jukwaa mbele ya mgeni na wananchi wote. Nisipomaliza, nitabeba viti. Nilimjibu kwamba kizazi changu hakikuzaliwa kubeba viti. Akasema viti ni vya shule, na ni vizito.

Jumanne, tarehe 5

Hotuba ya kwanza, uwanja wa shule. Ina sehemu nne: Utangulizi wa Kihistoria, Uchambuzi, Wito, na Majumuisho. Waliohudhuria Utangulizi: wachache. Waliofika Uchambuzi: mbuzi.

Mkakati mpya. Ikiwa umma hauji kwenye hotuba, hotuba itaufuata umma. Nyumba kwa nyumba. Ikibidi, jiko kwa jiko. Shangazi, mwenye nyumba tuliyofikia, aliuliza watu hao wamekosa nini. Nikamwambia wamekosa mwamko.

Jumatano, tarehe 6

Nyumba ya kwanza, kwa mshonaji. Nilipoingia kwenye Uchambuzi aliinuka, akaniomba radhi, akasema mwanangu, naenda chooni. Nikataka kumzuia. Mara nikang'amua: mwananchi anakwenda chooni kwa hiari yake! Si ndilo tunalolipigania? Papo hapo nikatangaza Kanuni ya Kwanza ya Upande wa Juu: anayekwenda chooni hazuiwi, haulizwi, wala hafuatwi, hata na mimi.

Nilisubiri. Hakurudi. Majumuisho niliyatoa mbele ya cherehani.

Nyumba ya pili, kwa muuza mkaa. Naye alisema anakwenda chooni. Nikamuuliza, kwa heshima zote, choo kipi, maana hana. Akakaa. Alisikiliza hotuba yote, kisha marudio, kisha maswali niliyojiuliza na kuyajibu mwenyewe. Machozi yalimlengalenga. Hiyo ndiyo nguvu ya hoja.

Alhamisi, tarehe 7

Ushindi. Muuza mkaa ameanza kuchimba kabla ya jua kuchomoza. Nilipopita hakutoka hata kunisalimu. Alipunga mkono akiwa shimoni, akasema kaka, huku tumeshaingia kwenye utekelezaji, usijipotezee muda.

Habari za Kanuni ya Kwanza zimeenea. Mkunga alinisimamisha njiani kutaka ufafanuzi: je, choo kikiwa bado hakijaezekwa, Kanuni inafanya kazi? Nikasema inafanya, mradi kina kuta, kifuniko, na kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Akauliza nitapita kwake lini. Nikasema kesho kutwa. Akageuka palepale kwenda kuazima koleo. Sijapata kuona kiu ya maendeleo kama ile.

Wakati wa chakula Sululu alisema watu wanachimba ili wapate mahali pa kunikimbia. Nilimtazama kwa huruma. Wivu ni jambo la kibinadamu. Shangazi alicheka mpaka akaweka kijiko chini, naye nimemsamehe.

Jumatatu, tarehe 11

Upande wa juu umekamilika. Imebaki kaya moja: ya fundi baiskeli.

Mzee huyu ni mtihani. Si kwamba hanisikilizi. Ananisikiliza kupita kiasi. Nilipofika alinivutia kigoda, akazima redio, akafunga karakana mteja akiwa mlangoni na gurudumu mkononi. Hotuba ilipokwisha akaomba nirudie Utangulizi wa Kihistoria. Akanikosoa kwamba kuna aya nimeiruka.

Nikagusia choo. Akasema kichaka kinamtosha, kilimtosha na baba yake, na kwamba yeye hana haraka ya kwenda popote. Endelea, mwanangu, akasema.

Jumanne, tarehe 12

Nimeongeza dozi. Hotuba asubuhi, hotuba mchana, na jioni Wito peke yake. Mzee alipiga makofi mara zote. Shimo: hakuna. Mawingu yameanza kujikusanya.

Mkewe alinivuta pembeni. Kama nategemea kumchosha huyo bwana, akasema, nisubiri kwenye foleni, maana yeye yuko kwenye kazi hiyo tangu siku ya harusi. Sululu amependekeza nipumzike kidogo, mzee aachiwe nafasi ya kufikiri. Nikakataa. Kurudi nyuma hakumo katika msamiati wetu.

Jumatano, tarehe 13

Mzee alinikaribisha kwa birika zima la chai. Nililimaliza, kwa ajili ya koo. Katikati ya Uchambuzi mwili wangu uliwasilisha hoja ya dharura.

Nikauliza choo kiko wapi. Nikakumbuka. Kichakani? Mimi? Nikatoka mbio.

Kwa muuza mkaa: komeo lilifungwa kwa ndani nikiwa bado njiani. Kwa mkunga: vivyo hivyo. Kwa mshonaji nilisikia kabisa watu zaidi ya mmoja wakiambizana wanyamaze. Nikapaza sauti kwamba sikuja kuhutubia. Komeo likakazwa zaidi. Nilifarijika kuona vyoo vinatumika kiasi hicho, ila faraja yenyewe haikunisaidia. Nikavuka barabara hadi upande wa chini. Sululu aliniona nikipita.  Alinifungulia mlango wa choo.

Niliporudi, mzee alikuwa palepale, uso umemsinyaa. Alilalamika kwamba nimekatiza mahali patamu. Akauliza kama jambo hilo litatokea tena. Nikamwambia, kwa chai hii, mzee wangu, litatokea kila siku.

 Akavua aproni, akauliza kama yule binti ana sululu ya pili.

Alhamisi, tarehe 14

Yeye anachimba, mimi nimesimama ukingoni nahutubia. Kila nikinyamaza anaacha kuchimba na kuuliza kulikoni. Sululu yumo shimoni naye, ameziba masikio kwa pamba. Vumbi, nadhani.

Na majirani! Wamekuja wote bila kuitwa. Muuza mkaa ameleta nguzo, mkunga mabati, mshonaji pazia. Wamemsihi mzee, kwa gharama zao, ajenge na benchi lenye kivuli ili mgeni wake asitamani kwenda kwingine. Kufikia jioni choo kilikuwa kimesimama. Nimeona umoja wa umma kwa macho yangu.

Jumamosi, tarehe 16

Siku ya siku. Bwana Afya amekagua kila kaya. Hakuna iliyokosa choo. Kijiji kimepita!

Mwenyekiti ni mtu wa ahadi. Akanikabidhi jukwaa. Nikasema, ndugu wananchi. Umma wote ukasimama kwa pamoja, kama mtu mmoja, ukaelekea chooni.

Sikuwazuia. Kanuni ni kanuni. Bwana Afya aliwafuata kwa mshangao, akarudi akisema hajapata kuona kitu kama hicho: foleni kwenye kila choo, na kila anayetoka ananawa mikono taratibu, tena na tena, bila haraka yoyote ya kuondoka kwenye kibuyu.

Nilihutubia sehemu zote nne. Fundi baiskeli alikaa mstari wa mbele peke yake, akitikisa kichwa kukubali penye aya zote zinazostahili. Mvua ilianza kwenye Majumuisho. Ilinyesha kwa nguvu, na hakukuwa na kitu cha aibu cha kuteremsha kisimani.

Viti vililowa. Kwa kuwa nilikuwa nimebaki na mzee tu, nilivirudisha mimi. Kweli ni vizito.

Jumapili, tarehe 17

Jana, kabla ya kuondoka, Bwana Afya alituuliza siri ya mafanikio. Nikamwambia ni hotuba. Sululu naye akasema ni hotuba, kisha wakaenda kuongea pembeni, na mgeni akacheka mpaka akashika ukuta. Aliporudi alinipangia kijiji cha ng'ambo ya mto, haraka iwezekanavyo.

Fundi baiskeli ameuliza kuna umbali gani. Ametia upepo magurudumu yote mawili.

Shangazi ameleta habari kutoka kisimani. Huko ng'ambo, walipotajiwa anayekuja, wameanza kuchimba tangu jana jioni, hata wenye vyoo wanaongeza vya pili. Sijafika, na mwamko umeshanitangulia. Umma wenye kiu namna hiyo haufai kupewa sehemu nne tu. Nimekaa tangu asubuhi nikiandika. Sasa zimefika saba.