Kilo Tisini na Tano, Maji Magotini

Jumatatu, 3 Machi
Ngazi mpya imefika kazini. Nyepesi, inang'aa, ina kibandiko: mwisho kilo mia. Msimamizi kaamuru tupimwe Ijumaa. Atakayezidi hapandi paani tena, atabaki chini kukoroga zege. Miaka kumi na minane naezeka nyumba za watu, leo nikoroge zege! Jioni nikapanda mzani wa mke wangu. Mia na nane. Nikavua mkanda. Mia na nane. Nafasi yangu anaimezea mate shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tunayemwita Ufito. Nimeumia roho.

Jumanne, 4 Machi
Nimeacha kula. Nilivumilia hadi saa nne asubuhi.

Jumatano, 5 Machi
Nimevumbua! Nilikuwa nachota maji kwenye tangi la nyumbani. Ndoo ikiwa ndani ya maji, naivuta kwa kidole. Ikitoka tu, inanikata mkono. Nikauzamisha mzani tangini, nikaufuata. Maji kifuani: kilo thelathini na tatu. Nilikuwa hivyo darasa la tano! Kiunoni: hamsini na nne. Nikapunguza maji hadi magotini: tisini na tano. Sina makuu, nimechagua magoti. Mke wangu akanikuta mle na chupi, akauliza sasa tutakunywa nini. Nikamweleza uvumbuzi wangu.

"Uzito wako haujaenda popote, mume wangu," akasema. "Maji yanakushikia tu. Ukitoka, yanakurudishia."

Wivu huo. Damu moja na Ufito.

Ijumaa, 7 Machi
Ufito kapimwa kwanza. Hamsini na tisa, na buti. Zamu yangu nikamwambia msimamizi nyayo zinawaka moto, daktari kaagiza zisitoke majini mpaka saa sita. Nikautumbukiza mzani kwenye birika la kulowekea matofali, nikasimama juu yake, maji magotini. Ufito akalalamika kwamba hivyo hata ng'ombe angepungua. Msimamizi alikuwa anaangalia mawingu, anataka paa liishe kabla ya mvua. Akainama, akasoma tisini na tano, akatia sahihi. Nikamwonyesha Ufito koleo la zege lilipo.

Jumamosi, 8 Machi
Kipandio cha kwanza, salama. Cha nne, ngazi ikaguna. Cha saba kikakatika. Nikatua kwenye rundo la mchanga, mguu ukatua kwenye tofali.

Jumatatu, 10 Machi
Nimelala, mguu umefungwa plasta hadi pajani. Ufito yuko paani. Jana alikuja kunipa pole, akanikumbusha kwamba mpanda ngazi hushuka. Nilitaka kulia. Mke wangu kaniuliza kama sasa nimeelewa. Nikamjibu nimeelewa kabisa. Nimewaza siku mbili na kosa nimeliona: mimi nilipimwa majini, lakini ngazi waliisimamisha pakavu. Nimemwandikia msimamizi. Nikipona, ngazi isimamishwe ndani ya birika, na maji yajazwe hadi kipandio cha saba.