Kamera Kubwa kwa Jua Kubwa

Jumapili, 24 Juni 1973. Arua.
Redio imesema Jumamosi alasiri jua litapatwa. Giza mchana kweupe, na Arua yetu imo njiani! Baada ya misa Mzee Adriko, mwenye duka la barabara ya sokoni, katangaza: mpiga picha atakayemletea picha nzuri ya siku hiyo, ya kutundika dukani, atapewa chumba chake cha mbele. Chenye dirisha la kioo. Studio! Nimechoka kupiga picha za vitambulisho chini ya turubai. Tatizo ni Lokule, mpiga picha mwenzangu kutoka Koboko, mwenye kamera ya kisanduku na maneno machache. Simpendi.

Jumanne, 26 Juni.
Nimekwenda Vurra, mpakani, kwa Anicet, Mkongo muuza vikorokoro. Ana kamera mbili. Moja ndogo, safi. Nyingine kubwa, lenzi ndefu kama mchi. Anicet akanikataza ile kubwa. "Hii iko nakwamisha filamu," alisema. "Mutu ya akili anachukua ndogo." Nikamshtukia: kumbe anataka kujibakizia nzuri! Jua ni kubwa, kamera nayo iwe kubwa. Tumebadilishana kwa redio ya mke wangu, Candiru. Nimemwambia iko kwa fundi.

Alhamisi, 28 Juni.
Majaribio. Nilivua lenzi, nikaiacha mezani kwenye jua la dirishani. Kitambaa cha Candiru cha arusi kikafuka moshi. Tundu! Nguvu iliyoje! Nimepaka kipande cha kioo masizi ya taa, cha kupunguza ukali. Filamu nimepata mkanda mmoja tu. Siku hizi hazionekani mjini. Lokule kapita, kauliza kwa upole kama nimeuvuta mkanda nione unavyokwenda. Nikamwambia akapige picha za mbuzi.

Jumamosi, 30 Juni.
Watu walijaa uwanjani. Jua likamegwa kidogo kidogo, nami nikapiga moja. Nikavuta mkanda. Ukakwama.

Sisi wapiga picha tuna dawa yetu: filamu ikikwama, unaingiza kamera na mikono chini ya blanketi zito, unafungua kwa kupapasa. Blanketi nimeliacha kitandani! Ndipo giza likaingia. Kuku wakaenda kulala, akina mama wakapiga masufuria. Nikawaza: blanketi la nini, na mji mzima umefunikwa? Nikainama, nikafungua. Nikapapasa, nikaipata kona iliyojikunja, nikainyoosha taratibu.

Jua likarudi. Likaingia lote ndani ya kamera.

Nililia mbele za watu. Filamu imeungua, na jua lenyewe sikuliona. Arua nzima imeliona isipokuwa mimi.

Jumatatu, 2 Julai.
Chumba kapewa Lokule. Wala hakupiga jua! Aliligeuzia mgongo, akasubiri nuru irudi, akapiga watu. Mbele pichani yuko Mzee Adriko, kidevu juu kama jenerali. Mzee kaipenda hadi kasahau kufunga duka. Nyuma yake niko mimi, mdomo wazi, kamera wazi. Picha iko dirishani. Candiru kaiona, kacheka mpaka kaketi chini. Kisha akaacha kucheka. "Kesho redio iko hapa," alisema, "ama mimi iko Aroi, kwa mama."

Jumanne, 3 Julai.
Vurra tena. Anicet muungwana, kakubali kurudisha redio, achukue kamera yake. Redio nilishaishika mkononi. Hapo nikaona, nyuma ya magunia, lenzi tupu, ndefu kuliko ya kwanza! Nikaelewa kosa langu lote: kamera haikuwa kubwa ya kutosha. Nimeacha redio na kamera, nikaongeza saa yangu, nikaondoka na lenzi.

Candiru kaitazama ile lenzi. Kachukua mablanketi yote na kitambaa chenye tundu, kaenda Aroi. Inaniuma, sikatai. Lakini chumba chetu sasa ni kitupu, kipana, kinafaa kabisa kuwa studio. Na mwezi ni mdogo kuliko jua. Lenzi hii itauweza. Kamera ya kuifungia nitaitafuta kesho.