Masikio ya Mtoto wa Miaka Minne

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo ukutani, kando ya chumba cha kubadilishia nguo. Alhamisi kiwanda kizima tunapimwa masikio. Atakayeshindwa anahamishiwa stoo. Stoo! Miaka kumi na tisa naendesha mtambo nambari tatu wa misumari, leo nikapange maboksi na paka wa stoo? Chini ya tangazo kulikuwa na maandishi madogo madogo. Nikayaacha. Mambo ya ofisini hayo.

Si kwamba sisikii. Watu wa siku hizi wanamung'unya maneno. Kiwandani sina shida, maana mitambo inagonga kiasi kwamba hakuna anayetumia mdomo. Tunaongea kwa mikono. Vidole viwili, leta waya. Ngumi kifuani, mtambo umekwama. Kwa lugha hiyo mimi ni wakili. Taabu inaanza nikitoka getini.

Nyumbani nilisinzia mezani, pua karibu na sahani. Uchovu. Nadhani ni buti mpya. Mke wangu alisema jambo mara tatu. Nikacheka, kwa usalama. Kumbe alikuwa akiniambia dada yake amelazwa. Ameninunia.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa! Nesi wa kiwanda huketi na mashine yake ya kupimia, mgongo ukielekea dirishani, na mbele ameweka kadibodi ili tusivione vidole vyake. Lakini aliye nje ya dirisha anaviona! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yuko idara ya kufungasha. Atasimama pale nje. Nesi akipiga sauti, shemeji anavua kofia, mimi nabonyeza kitufe.

Shemeji alikataa. Akasema, "Shem, nenda wakusaidie bwana, mkeo anaumia." Nikamkumbusha nani alinyamaza siku ile yeye alipoligonga gari la meneja kwa toroli. Akakubali.

Jioni sikwenda kwa kinyozi kucheza drafti. Huu mwezi wa tatu siendi. Wote wanaongea kwa pamoja, kichwa kinaniuma. Mwanzoni walikuwa wakinipitia nyumbani, siku hizi hawaji. Sijali. Nimelipigia mstari: sijali.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Nesi alinivika vile vya masikioni. Kimya. Kofia juu, nikabonyeza. Kofia juu, nikabonyeza. Mambo mswano.

Kisha nyigu akamvamia shemeji. Kofia ikapunga kulia, ikapunga kushoto, na mimi nikabonyeza, nikabonyeza, mpaka kidole kikapata moto. Nesi alikuwa akinywa maji. Akaweka gilasi chini. Akageuka dirishani, akanitazama, akaandika sana. Akasema niyatazame maneno yake vizuri: nina masikio ya mtoto wa miaka minne, nasikia hata asichopiga. Atamwambia meneja.

Hatimaye mtu ametambua kipaji changu.

Ijumaa, 7 Machi

Meneja ameniita mwenyewe. Kuanzia leo mimi ni Kiongozi wa King'ora! Nimepewa kizibao cha njano. Kukitokea hatari king'ora kitalia, na hakuna atakayetoka kabla yangu. Wote nyuma yangu, hadi uani. Yule Bolti wa mtambo nambari mbili, anayeumezea mate mtambo wangu, alikunja uso kama aliyelamba betri.

Nilimweleza mke wangu jikoni. Akasema kitu akiwa ameinamia vyombo. Nikajibu ndiyo. Akakausha mikono, akatoka.

Zamani akiosha vyombo alikuwa akinisimulia habari za siku nzima, nani kaolewa, nani kagombana na nani. Sikumbuki aliacha lini. Nilijisikia mpweke, nikaenda kulala na kizibao changu.

Jumatatu, 10 Machi

Aibu. Naandika hili mara moja tu.

Saa nne asubuhi niliinua macho, nikaona mitambo yote imesimama isipokuwa wangu. Watu arobaini wamejipanga, mikono nyuma, wananitazama. Nikajua ni kizibao. Nikaweka mkono kifuani, nikawashukuru. Nikainama kidogo. Nikawaashiria warudi kazini, inatosha. Meneja alishika saa. Nesi alikuwa kando yake.

Dakika nne! Mwishowe shemeji alishindwa kuvumilia. Akauzima mtambo wangu, akanishika mkono, akanitoa nje kama mtoto anayepelekwa shule. Uani, juu ya mlingoti, taa nyekundu ya king'ora ilikuwa ikizunguka. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Aliniambia karibu na uso, taratibu: lilikuwa zoezi tu, lakini ungekuwa moto wa kweli, watu wote hawa wangekufa wakikusubiri.

Nikaketi chini.

Nesi hakunifokea. Alisema masikio yakipungua, kichwa ndicho kinachobeba mzigo. Ndiyo maana mtu anachoka, anasahau, anayumba kwenye ngazi, anawakwepa wenzake mpaka anakuwa na huzuni. Nikamwambia ni buti. Akanisomea yale maandishi madogo ya tangazo: kukaa stoo ni wiki moja tu, ukisubiri vifaa vya kusikilizia. Kisha unarudi kwenye mtambo wako, na vizibo vizito vya kuzuia kelele juu ya masikio.

Wiki moja! Na yule paka, nimeambiwa, ni mpole.

Jumatano, 19 Machi

Nimevaa vifaa, kimoja kila sikio. Mlango wetu unalia! Kumbe miaka yote unalia. Mke wangu aliosha vyombo akaanza: dada yake ametoka hospitali, jirani wa juu amehama, na mengine mengi, saa nzima. Sahani tatu aliziosha mara mbili ili asimalize. Nilitokwa na machozi. Nikasema ni sabuni. Kesho naenda kwa kinyozi.

Nimejifunza. Sitaficha kitu tena.

Alhamisi, 20 Machi

Tangazo jipya. Wiki ijayo tunapimwa macho.

Macho yangu hayana tatizo. Watu wa siku hizi wanaandika herufi ndogo mno. Hata hivyo, tahadhari. Nimemwomba shemeji asimame dirishani, anioneshe kila herufi kwa mikono. Amekataa katakata. Kesho nitamkumbusha habari ya toroli.

Shida ni moja tu. Siku ile hata kofia niliiona kwa taabu. Nitampa avae kizibao cha njano.