Panya Weupe wa Fundi Célestin

Jumatatu, tarehe 26 Februari 2024

Kasuku wa Alimasi amesema tena. Asubuhi, mbele ya watu wote: "Jambo mama Emilienne!" Mara tatu! Na mama Emilienne, ambaye kwangu hupita na "jambo fundi" moja kavu kama muhogo wa juzi, alisimama hapo akacheka mpaka akaweka kikapu chini.

Nieleze mambo yalivyo, ingawa daftari hili ni langu na ninajijua. Mimi ni Célestin, fundi redio, Kasongo, miaka hamsini na mmoja. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita. Watoto wako Kindu. Alimasi ni fundi pikipiki, ng'ambo ya njia. Mama Emilienne ni mshonaji, atelie yake iko nyumba ya tatu kutoka kwangu, na mume wake naye alifariki. Mambo haya hayana uhusiano. Yamefuatana tu kwenye karatasi.

Sina wivu. Kasuku ni ndege mbaya. Anatupa maganda.

Ila mtu mwenye mnyama ana watu. Hilo nimeliona. Kwangu redio saba zinaongea kwa pamoja na hakuna anayesimama.

Uamuzi: nitafute mnyama wa kumshinda kasuku.

Jumatano, tarehe 28 Februari

Kassimu amefika na pikipiki yake kutoka Salamabila. Huyu huuza kila kitu: betri, dagaa wa ndakala, sabuni. Safari hii, panya! Si wa nyumbani, si wa porini. Weupe kama chumvi, macho mekundu. Alisema walizaliwa Bukavu kwa watu wa maabara, wamezoea mikono ya watu, wanaitika jina, wanalala begani. Begani! Kasuku gani analala begani? (Anakaa, ndiyo. Lakini halali.)

Walikuwa sita ndani ya sanduku moja. Kassimu aliingiza mkono. Wawili wakaja mbio kumnusa vidole. Akasema nichague hao: panya mzuri ni yule anayekuja mwenyewe, macho maangavu, manyoya laini, hapigi chafya. Sikudanganyika. Mfanyabiashara husifu kile anachotaka kiondoke. Nilichagua yule mnene wa pembeni, aliyejikunja, aliyeniuma kidole. Hiyo ndiyo tabia! Hiyo ndiyo heshima!

Kassimu akashauri nichukue wawili, maana panya hakai peke yake. Nikacheka sana. Muuza ndala naye hukuambia uchukue zote mbili.

Nimetoa redio moja nzuri, nimepewa panya mmoja. Nimemwita Mheshimiwa, kwa sababu ya tumbo.

Alhamisi, tarehe 29 Februari

Nilimweka Mheshimiwa mezani, mbele, ndani ya boksi la biskuti nililolitoboa dirisha, pale ambapo Alimasi hawezi kukosa kumwona. Watu walisimama! Saa nzima nilikuwa na watu wengi kuliko kasuku.

Wa kwanza aliuliza ninauza mzima au kwa vipande. Wa pili alisema bado mdogo, ningojee anenepe. Baba mmoja kutoka Wamaza alinieleza kwa upole kwamba kwao wanamkausha kwanza juu ya moshi. Alimasi alivuka njia, akatazama, akarudi kwake, kisha akaniletea kuni. Kuni! Mafungu mawili. Akaziweka mlangoni.

Mama Emilienne alipita saa nne. Nilikuwa nimeandaa maneno. Kabla sijafungua kinywa: "Fundi, utamupika na mawese ama na karanga?"

Nikasema huyu ni rafiki.

Akasema, "Pole."

Ijumaa, tarehe 1 Machi

Mheshimiwa hali. Amejikunja pembeni, manyoya yamesimama. Nimempa muhogo, mchele, kipande cha ndizi. Nimemwimbia. Hapana.

Nilimpigia simu Sarah-Grâce, binti wa kaka yangu, anayesomea uuguzi Kindu na aliyewahi kulisha panya wa maabara huko. Niliuliza kwa ujanja, kama kwa niaba ya rafiki. Akanishika mara moja. Yuko peke yake? Ndani ya boksi la karatasi? Na baba mudogo unapika chumba hicho hicho, moshi wote? Ndiyo, ndiyo, na ndiyo.

Akafoka! Nitengeneze tundu la waya, maana boksi atalitoboa kwa meno. Nimwekee nguo kuukuu za kulalia na mahali pa kujificha. Maji safi kila siku. Nisimshike mkia, kamwe. Na zaidi ya yote nimtafutie mwenzake, wa jinsia yake, nisije nikajaza mji. "Baba mudogo, panya haiishi peke yake. Inahuzunika, inaacha kula, inakufa."

Nikamwambia kiumbe anaweza kuishi peke yake vizuri tu. Anazoea. Mbona wapo wengi.

Akauliza kama mimi ninakula.

Nikasema mtandao umekatika. Haukuwa umekatika.

Jumamosi, tarehe 2 Machi

Redio ya pili imekwenda. Nimemleta mwenzake, mwembamba, mmoja wa wale waliokuja mbio. Kassimu aliwageuza wote wawili, akawatazama chini ya mkia kwa uzito wa daktari. "Iko dume. Zote mbili." Safi. Na kwa kuwa kila mheshimiwa wa bunge ana suppléant wa kumkalia kiti, huyu ni Suppléant.

Niliogopa watauana. Walinusana. Mheshimiwa akampiga kofi. Suppléant akapita chini yake kama hakuna kilichotokea, akaanza kumsafisha shingo kwa ulimi, taratibu, kama mke anayemnyoosha mume kola kabla ya misa. Haikupita nusu saa, Mheshimiwa anakula muhogo! Halafu wakalala, kichwa cha mmoja mgongoni mwa mwenzake.

Niliwatazama mpaka wali ukaungua. Moshi ukajaa. Nikafungua dirisha, kwa ajili yao. Lilikuwa gumu. Sijalifungua tangu zamani.

Jumapili, tarehe 3 Machi

Ushindi! Na aibu kidogo. Hasa ushindi.

Sarah-Grâce alisema panya humzoea mtu akimbeba karibu na mwili. Basi nilikwenda misa na Suppléant ndani ya mfuko wa koti. Wakati wa mahubiri alilala, kama watu wengi. Wakati wa sadaka alitoka, akapanda koti, akakaa begani kwangu, akaanza kunawa uso.

Nyuma yangu alikaa Mama Véronique, rais wa akina mama wa parokia, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Aliitumia yote. Benchi mbili zikabaki tupu. Waimbaji, wakidhani ni kigelegele, wakaanza wimbo wa shangwe kabla ya wakati. Padri alisubiri, macho juu.

Lakini mama Emilienne! Alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, mabega yanatetemeka. Nje akanijia mwenyewe. Akanyoosha kidole, na Suppléant akakishika kwa mikono miwili.

"Kumbe iko na mikono," akasema, polepole.

Kasuku hana mikono.

Nimeombwa nisirudie.

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mpango mkubwa!

Mama Emilienne hatoki ateliani. Ijumaa ni tarehe nane Machi, siku ya wanawake, akina mama wote wa parokia watapita kwenye defile, gwaride la mji, na kitenge kimoja, na mshonaji ni yeye. Hapiti tena kwangu. Basi panya waende kwake! Atawazoea. Nikiwachukua, moyo utamuuma. Atakuja kwangu kuwaona, kila siku, kwa miguu yake mwenyewe. Hesabu safi.

Nikamwambia ninakwenda Lusangi siku mbili kutengeneza redio ya jamaa, na kwamba panya hawa wakikosa watu hufa kwa huzuni. Alikubali shingo upande. Akauliza kama boksi ni imara. Imara kabisa, nikasema. (Waya wa kutengeneza tundu ninao, lakini antena iliuhitaji zaidi.)

Sasa nimejifungia nyumbani. Niko Lusangi.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Lusangi ni kubaya. Siwezi kuwasha moto, moshi utanitaja. Siwezi kuwasha redio. Nimekula bugali baridi ya jana na kuongea na ukuta.

Saa tano, sauti ya Mama Véronique. Ile ya kanisani, lakini ndefu zaidi. Inatoka ateliani!

Nilitoka mbio. Nilisahau kwamba niko Lusangi.

Boksi lina shimo la mviringo, safi, kama limekatwa kwa mkasi. Suppléant yuko juu ya cherehani, ananawa. Na kwenye rafu, ndani ya vazi la Mama Véronique, lililokwisha kushonwa, kupigwa pasi na kukunjwa, Mheshimiwa ametengeneza kitanda. Kifua cha vazi ni nyuzi tupu. Katikati ya nyuzi wamo watoto tisa, wekundu, uchi, kila mmoja sawa na ncha ya kidole changu.

Mheshimiwa ni mama!

Nilimtazama Suppléant kwa huruma. Wamejuana siku tatu. Hesabu haikubali.

Mama Véronique aliniambia mambo ambayo sitayaandika, mengine kwa Kibangubangu, lugha nisiyoijua, na nikayaelewa yote. Halafu Alimasi, aliyekuja kutazama, akauliza nimerudi Lusangi saa ngapi. Nikasema sasa hivi. Akatazama miguu yangu. Mvua imenyesha siku nne mfululizo, njia ya Lusangi ni matope mpaka magotini. Mimi nilivaa ndala. Safi.

Mama Emilienne alikuwa ameshika lile vazi, analigeuza, analigeuza. Siku za kumaliza kazi zimebaki tatu tu. Ningependa angepiga kelele.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Jana sikuandika. Nilishona. Hiyo ndiyo hukumu yangu: mama Emilienne alinipa sindano, akanionyesha rundo la nguo, akasema pindo na vifungo ni vyangu mpaka kazi iishe. Vidole vyangu sasa vina matobo mengi kuliko boksi.

Alimasi naye alikuwapo, kurekebisha cherehani. Kumbe ni yeye huitengeneza siku zote. Kumbe mke wake, Laetitia, ndiye aliyemfundisha kasuku jina la mama Emilienne, maana wamesoma darasa moja. Alimasi mwenyewe alinieleza haya akicheka, bila mimi kumuuliza. Hayabadilishi kitu. Kasuku ni ndege mbaya.

Tundu la waya amelitengeneza yeye, kwa waya wangu wa antena. Zuri, kusema kweli. Mheshimiwa na watoto wamo humo, wamekaa juu ya mabaki ya kile kifua cha vazi, ambayo Mama Véronique alikataa kuyagusa. Sarah-Grâce alipiga simu na amri: dume atolewe leo leo, panya jike anaweza kushika mimba siku ile ile aliyozaa. Suppléant amehamia kwenye ndoo ya chuma.

Shimo la vazi, mama Emilienne amelifunika kwa ua kubwa la kitenge. Alilishona mara nne, akalifumua mara tatu. La nne alilitazama, akapumua. Nami nikapumua.

Siku mbili hizi tumekula saa saba, wote pamoja, bugali na sombe ya majani ya muhogo, sahani moja. Nimemaliza mara zote. Naandika kama taarifa tu.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Defile ya jana imefana! Ua la Mama Véronique lilionekana kutoka mbali. Akina mama wa parokia nyingine walimzunguka kuuliza nani aliyelibuni. Akajibu kwamba ni wazo lake mwenyewe, lilimjia katika sala. Mama Emilienne aliangalia chini, mabega yakaanza kutetemeka. Nami yangu.

Leo mchana akaja kwangu. Mwenyewe! Na sahani ya ndizi za kuchoma. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akatazama watoto wa Mheshimiwa wanavyonyonya, akaniuliza habari za mke wangu, jinsi alivyokuwa. Miaka minne hakuna aliyeniuliza. Nikamweleza. Naye akaeleza habari za mume wake, ambaye alikuwa anakoroma na ambaye hakupenda chumvi. Redio zote nilikuwa nimezizima, sijui saa ngapi.

Akiondoka, akasimama mlangoni. Hakusema fundi.

"Célestin, ile mulango yangu haina funguo. Mutu anaingia, anasema jambo, anakaa. Hakuna lazima ya panya." Na akaongeza kwamba kesho baada ya misa atakuwa ateliani, hana kazi, yuko tu.

Nimeyafikiria maneno hayo mchana kutwa.

Suppléant alikuwa anakwaruza ndoo. Sauti ya kusikitisha mno. Nimemrudisha kwa Mheshimiwa. Sarah-Grâce ni mtoto, hajui ndoa ni nini. Siku moja itadhuru nini?

Kuhusu maneno ya mama Emilienne, nimeelewa. Mlango hauna ufunguo! Mwanamke peke yake, vitenge vya watu ndani, na kila mtu anaingia anavyotaka! Alikuwa anaomba msaada na aliona haya kusema waziwazi. Nilikimbia kwa Kassimu kabla hajafunga mizigo kurudi Salamabila. Redio ya tatu imekwenda, lakini nina kufuli kubwa kuliko yote ya Kasongo, chuma kitupu, ufunguo mmoja tu, na ninao mimi.

Kesho sitakwenda misa. Nitalifunga wakati yeye yuko kanisani. Akirudi akute mlango haufunguki hata kwa bega. Hapo atajua kwamba kuna mtu anamfikiria.