Bibi Aliyeamka Haraka

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyefungua ukurasa huu, nakuomba kwa heshima zote: funga mdomo. Usimsimulie mwenzako wa kazini, usimsimulie wa nyumbani, wala usicheke peke yako njiani watu wakakuuliza kulikoni. Nikijulikana nimekwisha. Naandika wakati wa chakula cha mchana au baada ya kazi, ofisi ikiwa tupu, kwenye mashine ambayo hakuna mwingine anayependa kuigusa. Nikimaliza naihifadhi shajara kwenye flashi yangu na kuifuta hapa. Hakibaki kitu. Mimi ni mtu mwangalifu.

Mambo yako hivi. Ofisi yetu hutengeneza programu ya kuandikia, ile ambayo makarani wa ofisi nyingine huandikia barua na ripoti zao. Nafasi ya ajira ya kudumu ni moja, na sisi vijana wa majaribio tuko wawili: mimi na Taratibu. Jina lake halisi analijua mhasibu. Sisi humwita Taratibu kwa sababu hata mlango huufungua kana kwamba nyuma yake amelala mtoto.

Mama yangu nilishamwambia nimethibitishwa. Sikukusudia. Aliuliza kwenye simu, akauliza tena, ulimi ukateleza. Sasa shangazi zangu wote wanajua. Dada yangu ninayekaa kwake ananiita "mtumishi wa kudumu" na kunitengea kipande kikubwa cha nyama. Siwezi kukimeza.

Leo Bosi ametoa kazi. Programu yetu huendeshwa kwenye mashine za aina tatu: za kukunja, za mezani, na ile kongwe tunayoiita Bibi. Hadi leo maagizo ya kuziamsha yamerundikwa kwenye faili moja la pamoja: washa kioo, sikiliza kibodi, safisha ukurasa, onyesha kishale. Kila mashine hupita humo humo hata kama nusu ya maagizo hayaihusu. Bosi anataka yahamishwe, kila aina iwe na faili lake na iamke kwa namna yake. Taratibu akaomba kwanza apewe muda wa kulisoma faili la zamani. Nikanyoosha mkono. Nikasema mimi nitamaliza peke yangu kufikia Ijumaa. Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo.

Jumanne, 4 Machi

Za kukunja na za mezani zimehama bila matatizo. Imebaki Bibi.

Bibi yuko chumba cha mwisho, karibu na stoo. Kioo chake kinene kama chini ya chupa, rangi yake ya jino la mzee. Ofisi nyingi za mbali bado zinatumia wa aina yake, ndiyo maana Bosi amesema Ijumaa atamtazama yeye hasa. Ukutani, juu ya kiti, linaning'inia koti la karani aliyekuwapo kabla yangu. Mhudumu wa ofisi anasema alitoka siku moja kwenda kununua kalamu, hakurudi. Nikamuuliza alikwenda duka gani. Akasema hajui, ila kalamu hiyo lazima ni nzuri sana. Kisha akaondoka na ndoo yake bila kufagia humo ndani.

Shida ya Bibi ni kuamka. Unamfungulia programu, unakaa, unawaza maisha yako yote. Nimegundua kinachomchelewesha: agizo la kusafisha ukurasa. Anafuta kioo chake chote nukta kwa nukta kabla ya kukuonyesha chochote. Kando ya agizo hilo yule wa koti ameandika: "Hili usiliondoe." Basi. Hakutoa sababu. Mtu asiyetoa sababu hana sababu.

Nimeliondoa. Kwa Bibi peke yake. Sasa anaamka kama aliyeitwa jina.

Taratibu alipita mlangoni akauliza kama maagizo yote yamehama. Nikamjibu kwamba yote ya lazima yamehama. Akarudia polepole, "Ya lazima," kama mtu anayeonja chumvi. Wivu.

Baadaye, baada ya kuipitia shajara ya jana, nikamfungua Bibi tena ili nimfurahie. Ukurasa haukuwa mweupe. Kulikuwa na herufi hafifu za kijivu, nyingine zimekatika katikati, kama maandishi ya kidole kwenye vumbi. Nikasogeza uso. "…nakuomba kwa heshima… funga mdomo… nikijulikana nimekwisha…"

Nikabonyeza kibodi. Yakapotea mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini.

Nimefunga mdomo hadi muda wa kutoka kazini. Hata mhudumu aliponisalimia nilimwitikia kwa kichwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimewaza usiku kucha. Ni nani huyo? Ni mtu mwenye adabu, hilo ni wazi. Mtu aliyesoma. Ana hofu kubwa. Nilidhani walioondoka duniani hawaogopi kitu tena.

Leo asubuhi nimemfungua Bibi nikiwa nimesimama, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango. Maneno yakaja yenyewe: "…Mama… nimethibitishwa… ulimi ukateleza…" Chini yake: "…siwezi kukimeza."

Jambo hilo halijui mtu yeyote. Sijamwambia dada, sijamwambia Taratibu, sijalitamka hata nikiwa peke yangu. Nimeliandika hapa tu. Kwa hiyo jibu ni moja: anasimama nyuma yangu ninapoandika na kusoma juu ya bega langu. Nimegeuza kiti, mgongo uguse ukuta. Sasa koti liko juu ya kichwa changu, na mikono yake inanigusa masikio. Jana vifungo vilitazama ukutani. Leo vinatazama chini, kwangu. Mhudumu ameapa hajaligusa, akaniuliza kwa nini nakaa kama mtu anayenyolewa.

Hata hivyo nikapata wazo. Acha huyu wa koti amtishe Taratibu. Akikimbia, nafasi ni yangu. Nikamwambia Bibi ana hitilafu ndogo, naomba jicho la mwenzangu. Akaja kwa mwendo wake, akakaa, akafungua programu. Nikajibanza karibu na mlango, tayari kumpisha atakapotoka mbio.

Akasoma kwa sauti: "Hata mlango huufungua kana kwamba nyuma yake amelala mtoto."

Kisha akatabasamu polepole sana. "Dogo, huyu shetani wako ananifahamu."

Nikasema ndiyo, ni jambo la kutisha. Akauliza huwa ninaandika nini humu mchana. Nikasema barua kwa mama. Akasema kwa upole nirudishe agizo la kusafisha kabla ya Ijumaa, asije mkubwa akakuta ya wadogo. Nimemwelewa vizuri sana. Anataka Bibi achelewe mbele ya Bosi. Hanipati.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamua kuzungumza naye. Ana kwa ana, kistaarabu. Nikaandika kwa Bibi: "Ndugu, kama una shida, sema." Nikafunga programu, nikatoka hadi ukumbini, nikahesabu pumzi zangu, nikarudi, nikafungua.

Akajibu: "Ndugu, kama una shida, sema."

Machozi yalinilengalenga. Nimemwuliza shida yake, naye ananiuliza yangu. Tangu nianze kazi hapa hajatokea mtu wa kuniuliza hivyo. Nikaandika kwamba shida yangu ni ajira ya kudumu. Nikafunga. Nikafungua. Yeye pia shida yake ni ajira ya kudumu. Masikini. Kumbe hata huko watu wako kwenye majaribio.

Tukaendelea hivyo mchana kutwa. Nikimtakia heri, ananitakia heri. Nikimwambia Taratibu ni mtu wa hila, anakubali kabisa. Sijawahi kupata rafiki mwenye mawazo yanayolingana na yangu kiasi hiki.

Mara ya mwisho kabla ya kuondoka, chini ya maneno yetu, pembeni kabisa mwa kioo, palikuwa na mstari mwingine. Huo haukuwa hafifu. Herufi zake zilikuwa nzima, nyeupe, ndogo.

"Umekaa kwenye kiti changu."

Nimepitia flashi yangu yote. Sijawahi kuandika sentensi hiyo. Nimeuliza kama kuna mtu aliingia chumba cha mwisho nilipokuwa ukumbini. Mhudumu akasema aingie nani, na kufuata nini.

Nimeandika ukurasa huu nikiwa nimechuchumaa.

Ijumaa, 7 Machi, asubuhi

Leo ndiyo leo. Nimewahi kufika ili niandike kidogo, mikono itulie. Bosi atakuja baada ya chai. Simwogopi. Ni mtu kama watu wengine, ila akifikiri huguna puani kama birika linalokaribia kuchemka, na viatu vyake havina sauti, hivyo hujui yupo hadi ulisikie birika. Mama amepiga simu kunitakia heri. Ameuliza kama watumishi wa kudumu hupewa kiti cha kuzunguka. Nimemwambia ndiyo. Nafunga, nafuta. Bibi yuko safi.

Ijumaa, jioni

Naandikia kwenye karatasi, jikoni kwa dada.

Za kukunja ziliamka vizuri. Za mezani ziliamka vizuri. Bosi akasema, "Haya, twende kwa ajuza." Tukaingia chumba cha mwisho: yeye, mimi, Taratibu, na mhudumu na sinia lake mlangoni. Nikabonyeza. Bibi akaamka papo hapo. Bosi akasema hajawahi kumwona hivyo, na kwa kitambo kifupi nilikuwa mtumishi wa kudumu.

Halafu maneno yakajitokeza. Sikuweza kubonyeza kibodi. Bosi akainama, akasoma habari za birika. Zote. Akaanza kuguna puani. Akajisikia. Akaacha.

Mhudumu alitazama dari.

Taratibu ndiye aliyezungumza, bila kunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akaeleza kwamba mashine mpya hujisafisha zenyewe zikiwashwa, lakini Bibi hubaki na alichoonyeshwa mara ya mwisho, hadi aamriwe kukifuta. Agizo hilo lilikuwa kwenye faili la pamoja. Katika kuhamisha, lake limeachwa nje. Kwa hiyo kila anayefungua anaona mabaki ya aliyeandika kabla yake. Akasema hapa hakuna shetani, kuna karani. Nilimwelewa neno kwa neno. Ombi la kufunga mdomo, birika, Mama, rafiki yangu wa jana: wote ni mimi.

Bosi akaniuliza kama yale ni maneno yangu. Nikasema ndiyo, mzee.

"Yote?"

Taratibu alikuwa ameweka kidole pembeni mwa kioo, chini. Hakutabasamu. "Na hili nalo ni lako, dogo?"

Lilisema: "Jumatatu narudi kazini."

Nikasema ni langu. Ningesema nini? Mhudumu aliweka sinia chini polepole, akaondoka bila kulichukua.

Bosi hakunifukuza. Alisema kazi ya kuhamisha ni nzuri, mikono ni mizuri, kichwa ndicho kinachohitaji kusafishwa. Taratibu amekwisha kuandika agizo lililokosekana. Kazi yangu ni kulibandika tu kwenye faili la Bibi. Jumatatu asubuhi Bosi mwenyewe atamfungua. Akikuta ukurasa mweupe, ataomba tuthibitishwe wote wawili. Akikuta hata nukta moja, nichukue mfuko wangu.

Wote wawili. Na mkono akanipa.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwenye karatasi tena. Nimekwenda ofisini asubuhi. Mlinzi amenifungulia, akarudi kwenye redio yake. Nimebandika agizo la Taratibu mahali pake. Nimemfungua Bibi. Amechelewa, amechelewa, halafu akatoka mweupe kabisa. Hakuna mimi, hakuna mtu mwingine.

Nilipaswa kuondoka hapo hapo. Lakini Mama akapiga simu. Amesema Jumatatu shangazi zangu wanapita kunitazama nikiwa kazini, wamekwisha kupiga pasi nguo.

Nikautazama ule ukurasa. Mweupe. Unamwambia nini Bosi? Haumwambii kitu. Wote wawili, tena kwa agizo la Taratibu, kwa hisani ya Taratibu. Ilhali nina mashine ambayo humwonyesha anayefungua maneno yoyote niliyoyaacha, na Bosi mwenyewe ndiye atakayefungua. Fursa kama hii huipati mara mbili.

Nimeliondoa agizo tena. Kisha nimeandika, kwa herufi kubwa, kwa lugha ya mtu mzima: "KIJANA HUYU ANAFAA. ATHIBITISHWE KABLA YA WENGINE." Nikafunga. Nikafungua kuhakikisha. Yapo, tena yamekaa katikati vizuri. Atadhani ni yule mwingine. Hata Taratibu alishindwa kuueleza ule mstari.

Chini palikuwa na nafasi. Nilisubiri kidogo. Hapakuja kitu. Kiti hakikulia.

Sasa wewe, kwa kuwa umesoma hadi hapa na umefunga mdomo, ukitaka kunipata kabla ya Jumatatu usipige simu, dada huipokea. Pita mlango wa nyuma, kitasa chake hakishiki, usukume kwa bega. Chumba cha mwisho, karibu na stoo. Mfungue Bibi, iandike upya sentensi yangu kama ilivyo, maana kibodi huifuta, andika yako chini yake, kwa adabu, ukiwa umesimama. Funga programu uende zako. Nitakusoma. Ukikuta chini yake pamekwisha kuandikwa, huyo si mimi, usimjibu. Na kiti kikiwa na joto, andika haraka.