Kamati ya Uangalizi wa Vichupa

Mfuko wa Saratani Mpakani umetimiza miaka kumi na minne. Chini ya mahema sita mapya, Mkurugenzi Laban Maloba aliwatangazia watu wa Busia, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, kwamba ufadhili wa utafiti sasa umekomaa. Makofi yalipigwa. Soda zilikuwa za bure.

Mambo yalianza kienyeji. Mwanzoni Mfuko ulinunua darubini na kuajiri watu wawili wa kuichungulia. Aibu tupu, maana darubini haitoki vizuri kwenye picha. Ndipo ufadhili ukakua: semina kuhusu darubini, kisha magari ya kupeleka wajumbe kwenye semina, kisha utafiti wa kwa nini magari hukwama Malaba. Kilele kikawa Kamati ya Uangalizi wa Vichupa. Maloba aliandika kanuni kwa mkono wake: kichupa chenye kipande cha uvimbe wa mgonjwa kisitazamwe mpaka Kamati ikae. Hukaa mara moja kwa mwaka, hotelini Tororo, mwenyekiti Maloba.

Basi Jumatatu Maloba aliingia maabara kwa mlango wa nyuma, kola juu, kichupa mkononi, akamwendea Syprose, mmoja wa wale wawili wa darubini. Daktari alikuwa amemkata kipande cha uvimbe shingoni. Aliogopa, tuseme ukweli.

"Syprose, dada yangu, chungulia tu. Dakika tano."

"Hata tatu zinatosha, bosi. Lakini Kamati?"

"Kamati si ni mimi!"

Syprose akafungua kabati, akamsomea kanuni kwa heshima zote. Mjumbe mwenye maslahi yake atoke nje. Kikao bila mwenyekiti si kikao.

Maloba alitafuta tundu, akakosa. Kazi safi kabisa, ya kwake.

"Kaa hapa, mzee," Twahira akamsogezea nafasi kwenye benchi. Huyu anauza mihogo Buteba, na sura yake ndiyo iko kwenye kalenda ya Mfuko. "Mimi nangoja tangu mwaka juzi. Kila mara naletewa barua: vumilia. Wewe ndio unasaini."

Maloba akaichukua kanuni, akaichana vipande vinne.

"Hakuna Kamati tena! Haya, anza!"

Syprose akapangusa darubini, akachukua kichupa cha mbele.

"Twahira."

"Na changu?"

"Cha mia nne na sita. Foleni ni foleni, bosi."

"Kwani uko peke yako? Mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu?" Syprose hakuinua jicho kwenye darubini. "Si mlimfuta kazi mwezi uliopita, mpate mahema."