Ombi la Kufungwa kwa Nyumba ya Watu Kumi na Wawili

Mtaa wa Shella,
Malindi.

Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Utulivu wa Mtaa.

Bwana Huzaifa,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima, na kwamba kiti cha uenyekiti bado kinakuenea. Naandika kuhusu nyumba tunayopakana nayo ukuta, ile waliyopewa watu kumi na wawili waliokuwa wakilala nje mjini. Kila mmoja ana chumba chake, jiko ni la wote, na wana msimamizi aitwaye Hannah. Nimevumilia miezi kumi. Sasa naomba tena ifungwe, kwa sababu hizi.

Kwanza, mlitudanganya. Mkutanoni mlituahidi matusi, wizi na kelele. Nikahamisha kitanda upande wa pili wa nyumba, nikatia vyuma madirishani. Hadi leo sijasikia tusi hata moja. Vyuma vinashika kutu bure.

Pili, wamenichukulia Kenga. Huyu alikuja kutoka Vitengeni kufanya kazi ya mjengo, akaanguka, mguu ukavunjika, kazi ikaisha, akafukuzwa chumbani. Miaka tisa alilala barazani pa duka langu la vitambaa, akanilindia mlango bila kuniomba kitu. Wala msiseme sikumsaidia. Nilimpa maboksi, tena mazuri, ya friji.

Hannah alimpa kitanda siku ya kwanza, kabla hajaacha pombe! Nikamwendea, nikamweleza kwa upole kwamba mtu kwanza hujirekebisha, ndipo akapewa chumba. Akaniuliza, "Na wewe, mama, ulipokuwa ukijifunza biashara, ulikuwa ukilala wapi?" Swali hilo halikuwa kwenye ajenda.

Tatu, huduma zimezidi. Muuguzi huja kila wiki kumtazama Kenga mguu, na kuna bwana wa kuzungumza naye habari za pombe. Ameacha kunywa, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia mimi. Nilikwenda kumwomba arudi barazani. Nikaahidi hadi godoro. Akanisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi, kisha akasema, "Ahsante sana, mama, lakini leo ni zamu yangu ya kupika." Nimewahi kukataliwa na wakwe, nikakataliwa na benki. Sikuwahi kukataliwa kwa adabu namna ile.

Nne, chakula. Wananiletea sahani ya wali na kunde, imefunikwa kitambaa safi. Mimi sikulelewa kurudisha sahani tupu. Matokeo yake, nina miaka sitini na minane na napika biriani ya watu kumi na wawili.

Tano, na hili ndilo kubwa. Kadii, mama mmoja wa humo, kila asubuhi huniita juu ya ukuta: "Maryambai, umelalaje?" Tangu mume wangu afariki, hakuna aliyeniuliza hivyo katika vyumba vyangu vinane. Mwezi uliopita sikujibu, kwani homa ilikuwa imeniangusha jikoni. Basi wakaruka ukuta, wakavunja komeo la mlango, komeo la shaba alilolileta baba mkwe wangu, wakanibeba hadi hospitali. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu ningekufa. Kuhusu komeo hakusema neno.

Kwa hiyo naomba nyumba ifungwe, Kenga arudishwe barazani kwangu, na hao wengine wagawiwe mabaraza ya wanakamati kwa usawa, tukianza na lako.

Nisalimie mkeo, Bi Aaliya, wanakamati wote, na yule karani wenu anayesinzia wakati wa kuandika kumbukumbu.

Wako katika utulivu wa mtaa,

Maryambai

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, wajumbe wako wawili wamefika na kufuli kubwa. Wanasema wametumwa kuifunga nyumba ile, kwa sababu ya barua niliyoiandikia kamati mwaka jana, nikiomba ifungwe. Nimewaambia kwamba Maryambai aliyeandika barua hiyo alikuwa mwanamke mjinga, na amehama. Sasa nimeweka kiti changu mlangoni pa Hannah na nimekikalia. Kenga amesimama nyuma yangu, Kadii ameleta chai. Wajumbe wako wangali juani. Mmoja ameanza kuomba maji, na Kenga amemwendea na gilasi. Barua hii wanakuletea wao, pamoja na kufuli lao. Tafadhali ichane kabla ya kuisoma.